Somo la wiki: Kuchora uzi wa shanga 146



Somo la wiki hii ni la kundi la wakubwa, gredi ya 7 kwenda juu, lakini mzazi akikaa karibu na mwanawe naye atafaidika. Tayarisha karatasi ya miraba, penseli, rula na kalamu za rangi mbili. Kompyuta huihitaji. Anayejua kuchora grafu hii kwa mkono ataielewa akija kuiona kwenye kompyuta, na asiyejua kuichora kwa mkono atadanganywa na kompyuta bila kujua.

Tutachora sehemu ya protini moja iliyo katika damu ya kila mmoja wetu. Tutaweka alama ya kila kiungo chake, kisha chini ya grafu tutaweka mkanda unaoonyesha umbo la protini mahali hapo. Tukimaliza tutaona kwa macho yetu ugonjwa wa selimundu unaanzia wapi. Ugonjwa huu umo katika familia nyingi za Pwani, za Nyanza, za Mwanza, za Uganda na za Kongo, na kwa hiyo umo pia katika familia zetu hapa Pickering, Ajax na Scarborough.

1. Protini ni uzi wa shanga

Fikiria mtungo wa shanga. Kila ushanga ni asidi amino moja. Zipo aina 20 za shanga, na mwili unazipanga kwa mpango maalumu, kama fundi anayejua rangi ipi ifuate ipi. Mtungo ukishakamilika haukai umenyooka. Unajisokota na kujikunja mpaka unapata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloufanya uweze kazi yake.

Protini yetu ya leo ni hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Hemoglobini moja ina nyuzi nne: mbili za alfa, kila mmoja una shanga 141, na mbili za beta, kila mmoja una shanga 146. Sisi tutachora uzi wa beta, na tutaanza na shanga 20 za kwanza tu.

2. Kila ushanga na alama yake

Shanga nyingine hupenda maji, nyingine huyakimbia kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mwaka 1982 wanasayansi wawili wa Marekani, Jack Kyte na Russell Doolittle, walitoa orodha ya alama za tabia hii. Alama kubwa juu ya sifuri maana yake ushanga unakimbia maji. Alama chini ya sifuri maana yake unapenda maji. Ya juu kabisa ni 4.5, ya chini kabisa ni -4.5.

Hizi hapa shanga 20 za kwanza za beta, kila moja na namba yake, jina lake na alama yake:

1 valini 4.2
2 histidini -3.2
3 leusini 3.8
4 threonini -0.7
5 prolini -1.6
6 glutamati -3.5
7 glutamati -3.5
8 lisini -3.9
9 serini -0.8
10 alanini 1.8
11 valini 4.2
12 threonini -0.7
13 alanini 1.8
14 leusini 3.8
15 triptofani -0.9
16 glisini -0.4
17 lisini -3.9
18 valini 4.2
19 asparajini -3.5
20 valini 4.2

Usizikariri. Kazi ya orodha ni kukusaidia kuchora, si kukutesa.

3. Chora grafu

Chora mhimili wa mlalo katikati ya karatasi. Huo ndio mstari wa sifuri. Uandike namba 1 hadi 20, mraba mmoja kwa kila ushanga. Mhimili wa wima uende kutoka -5 hadi 5. Sasa kwa kila ushanga chora nguzo moja: inayopanda kama alama iko juu ya sifuri, inayoshuka kama iko chini.

Kwa nini nguzo na si mstari unaounganisha nukta? Kwa sababu hakuna kitu kati ya ushanga wa 6 na wa 7. Hakuna ushanga wa 6 na nusu. Mstari unaopanda na kushuka humfanya mtu adhani kuna njia katikati.

Watu wengi hupenda kulainisha grafu kwa wastani. Unachukua ushanga, jirani yake wa kushoto na jirani yake wa kulia, unajumlisha alama, unagawa kwa 3. Mfano, ushanga wa 2: 4.2 toa 3.2 ongeza 3.8 ni 4.8; gawa kwa 3 unapata 1.6. Wastani huo uuweke juu ya namba 2, katikati, wala si juu ya namba 1. Ushanga wa 1 na wa 20 hawana jirani upande mmoja kwenye orodha yetu, basi usiwape wastani. Acha wazi. Ukijaza pengo kwa kukisia, au ukiusogeza mstari wote nafasi moja, kila utakachosema baadaye kitakuwa cha ushanga mwingine.

4. Mkanda wa maumbo

Angalia kanga. Ina pindo, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yale maneno. Ukitazama mji peke yake unaona maua. Ukisoma jina ndipo unajua mwenye kanga anasema nini. Grafu yetu nayo inahitaji jina.

Uzi wa protini ukijikunja, sehemu zake huchukua maumbo machache yanayojirudia. Umbo la kwanza ni msokoto, kama springi ya kalamu. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake Robert Corey na Herman Branson walieleza msokoto huo: kila mzunguko mmoja huchukua shanga 3.6. Umbo la pili ni bapa, ambapo vipande vya uzi hulala sambamba kama miyaa ya mkeka. Palipobaki ni uzi unaopinda tu kutoka umbo moja kwenda jingine. Kwenye michoro, msokoto huonyeshwa kwa mawimbi au kisanduku, kipande cha bapa kwa mshale, na uzi wa kawaida kwa mstari mwembamba.

Beta ya hemoglobini haina bapa hata moja. Ina misokoto minane, nayo imepewa herufi A hadi H:

A: 4 hadi 18
B: 19 hadi 34
C: 35 hadi 41
D: 50 hadi 56
E: 57 hadi 76
F: 85 hadi 93
G: 99 hadi 117
H: 123 hadi 143

Ukijumlisha, shanga 114 kati ya 146 zimo ndani ya misokoto. Ukitazama vitabu viwili unaweza kukuta mwisho wa msokoto umetofautiana kwa ushanga mmoja au mbili, kwa sababu kila mpimaji ana kanuni yake ya kusema msokoto umeishia hapa. Hilo si kosa, ila andika umefuata hesabu ya nani na usichanganye hesabu mbili kwenye mkanda mmoja.

Sasa chini ya grafu yako chora mkanda mwembamba. Shanga 1 hadi 3, mstari tu. Shanga 4 hadi 18, kisanduku chenye herufi A. Shanga 19 na 20, mwanzo wa kisanduku B. Visanduku A na B vinagusana, basi vipe rangi tofauti ili mtazamaji asidhani ni kimoja. Jambo kubwa ni hili: ushanga wa 4 kwenye mkanda ukae chini kabisa ya nguzo ya 4 kwenye grafu. Tumia rula.

Umemaliza? Sasa soma mji na jina pamoja. Ndani ya kisanduku A, tazama nguzo ndefu zinazopanda: 11, 14, 18. Kutoka 11 hadi 14 ni hatua 3, kutoka 14 hadi 18 ni hatua 4. Msokoto nao huzunguka kila shanga 3.6. Maana yake shanga hizo tatu zimeangalia upande mmoja wa springi, na upande huo umegeukia ndani ya protini, mbali na maji. Bila mkanda ungeona nguzo zilizotawanyika ovyo. Pamoja na mkanda unaona mpangilio.

5. Kituo cha 6 au cha 7?

Kabla hatujaendelea, swali la wasafiri. Treni ya GO ya Lakeshore East ikisimama vituo vyote kutoka Union, Pickering ni kituo cha ngapi? Hesabu: Danforth, Scarborough, Eglinton, Guildwood, Rouge Hill, Pickering. Ni cha 6. Lakini ukihesabu na Union yenyewe, Pickering inakuwa cha 7. Kituo hakijahama. Kilichobadilika ni mahali ulipoanzia kuhesabu.

Kwenye beta ya hemoglobini ni vivyo hivyo. Mwili unapoanza kuujenga uzi, unatia kwanza ushanga mmoja wa kuanzia uitwao methionini, kisha unaukata na kuutupa. Wanaohesabu uzi uliokamilika huanza na valini kuwa 1, kama tulivyofanya sisi. Wanaosoma maagizo ya kinasaba huhesabu na methionini, kwa hiyo namba zao zote huzidi kwa moja. Ndiyo maana karatasi moja ya maabara inaweza kusema mabadiliko yako kwenye 6 na nyingine ikasema 7, na zote mbili zikawa sahihi. Mzazi akiziona hudhani mtoto ana matatizo mawili. Hana. Ni Pickering ile ile.

Kwenye grafu hatari ni kuchukua alama kutoka hesabu moja na mkanda kutoka hesabu nyingine. Mkanda wote husogea ushanga mmoja, na mchoro unabaki mzuri wa kutazama huku ukisema uongo.

6. Ushanga mmoja

Rudi kwenye nguzo ya 6. Ni glutamati, alama -3.5, inashuka chini. Iko mwanzo wa msokoto A, nje ya protini, inagusa maji na kuyapenda.

Kwenye selimundu, herufi moja ya kinasaba imebadilika: palipoandikwa GAG pameandikwa GTG. Kwa sababu hiyo ushanga wa 6 unakuwa valini. Ifute nguzo ya 6 na uichore upya kwa kalamu ya rangi: 4.2. Imepanda hatua 7.7 kwa mara moja. Shanga nyingine 145 hazijaguswa, na mkanda wa chini haujabadilika hata mraba mmoja, kwa maana msokoto A bado ni msokoto A.

Linganisha sasa na wastani. Zamani wastani wa ushanga wa 6 ulikuwa -1.6 toa 3.5 toa 3.5, yaani -8.6, gawa kwa 3 ni karibu -2.9. Sasa ni -1.6 ongeza 4.2 toa 3.5, yaani -0.9, gawa kwa 3 ni -0.3. Bado iko chini ya sifuri! Anayetazama mstari uliolainishwa peke yake anaona bonde limepungua kina, basi. Anayetazama nguzo anaona ushanga mmoja wa mafuta umesimama nje, mahali pa maji. Wastani ni mzuri wa kuonyesha hali ya mtaa mzima, lakini huficha nyumba moja inayoungua.

Ushanga huo wa mafuta hautulii nje. Hemoglobini ikishaachia oksijeni yake, valini ya 6 huingia kwenye kijishimo cha hemoglobini jirani, karibu na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Tafuta namba hizo kwenye orodha ya misokoto: zote ziko kwenye F. Moja inashika ya pili, ya pili inashika ya tatu, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoivuta chembe ya damu iwe na umbo la mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo. Hayo ndiyo maumivu ambayo mtoto analia nayo usiku, na sisi wauguzi tunajua si ya kuigiza.

7. Historia hii ni yetu pia

Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wenye selimundu ina tofauti na ya watu wengine. Mwaka 1956 na 1957, huko Cambridge, Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti ni ushanga mmoja tu. Umbo la hemoglobini lilichorwa na Max Perutz. Yeye na John Kendrew walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Lakini swali la kwa nini selimundu ipo kwa wingi sehemu fulani lilipata jibu kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini humo mwaka 1949. Aliona kwamba wanaobeba kinasaba hiki ni wengi Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, na wachache nyanda za juu. Kule wanakobeba wengi ndiko kwenye malaria nyingi. Mwaka 1954 alichapisha matokeo kwamba aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye wa Kilifi ulithibitisha kwamba kinga hiyo ni kubwa dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo kinasaba hiki si laana, si uchawi, wala si dhambi ya bibi. Kiliwaokoa mababu zetu wengi wakiwa wachanga. Gharama yake huwaangukia wale waliokirithi kutoka pande zote mbili.

8. Kwa nini nimekuchoresha

Bado katika familia nyingi mtoto akiugua selimundu mama ndiye hulaumiwa. Mchoro wako unajibu. Ili mtoto apate ugonjwa wenyewe, kwa kawaida hurithi ushanga uliobadilika kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya mtoto mbebaji, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye na kinasaba hicho. Kila mimba huanza hesabu upya. Mtoto mgonjwa wa kwanza hamkingi wa pili. Mbebaji si mgonjwa, na ubebaji hauwi ugonjwa baadaye.

Ontario ilianza kuwapima watoto wachanga selimundu mwishoni mwa mwaka 2006, kwa tone la damu la kisigino. Sisi tuliozaliwa Mombasa, Tanga, Kisumu au Bukavu hatukupitia kipimo hicho, na wapo watoto wetu waliozaliwa huko kabla ya kuja. Kama hujui hali yako, mwombe daktari wa familia kipimo cha hemoglobini. Vijana, muulize kabla ya kupanga ndoa, si baada. Na mbebaji anayekwenda nyumbani likizo bado anahitaji dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Kinga ya mbebaji si ukuta. Mwenye selimundu yenyewe ndiye anayehitaji tahadhari zaidi, maana malaria kwake ni hatari kubwa.

Zoezi la nyumbani

1. Piga wastani wa shanga 2 hadi 19, uuchore kwa rangi ya pili juu ya nguzo zako.
2. Kuna badiliko jingine, hemoglobini C, ambapo ushanga wa 6 unakuwa lisini, alama -3.9. Chora nguzo yake. Je, imepanda kama ya selimundu? Andika sentensi tatu kueleza unachokiona.
3. Chora mkanda mrefu wa shanga zote 146 wenye misokoto minane. Tia alama kwenye 6, 85 na 88.
4. Mweleze mtu mzima mmoja nyumbani, kwa Kiswahili, kwa nini 6 na 7 zinaweza kuwa ushanga ule ule. Ruhusa kutumia treni.

Msamiati

Mhimili: mstari wenye namba unaopimia grafu.
Wastani: jumla iliyogawanywa kwa idadi ya vitu.
Msokoto: umbo la kitu kilichozungushwa kama springi au kamba.
Kinasaba: agizo la mwili linalorithiwa kutoka kwa wazazi.
Mbebaji: aliyerithi kinasaba cha ugonjwa kutoka kwa mzazi mmoja, naye haugui.
Mundu: kisu kilichopinda cha kuvunia mpunga au kukatia majani.

Leteni michoro yenu Jumamosi. Tutaibandika ukutani, mkanda chini ya nguzo, na tutakagua kwa rula.